Sehemu za Kompyuta Tu

Kyela Mjini
6 Septemba 1998

Mwanangu Ambilikile,

Ugonile. Ukiona mwandiko unayumba usidhani shangazi yako anazeeka. Ni vidole vilivyozoea kugonga vibonye vinavyoshangaa kupewa kalamu. Hapa nyumbani tu wazima. Baba yako alikuja Jumapili kutoka Ikolo na mkungu wa ndizi na malalamiko yake dhidi ya wanunuzi wa kakao. Ndizi tumezila, malalamiko bado tunayo. Barabara ya Ipinda haijapona mashimo ya mvua za El Nino, na magari ya mpunga hupita humo yakiyumba kama walevi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kompyuta. Unakumbuka ilivyoingia humu ndani: chama cha ushirika kilipovunjwa na sisi makatibu muhtasi tukapunguzwa, wenzangu walichagua meza na baiskeli, mimi nikachagua mashine niliyokuwa nikiitumia. Mwaka mzima imenitumikia hapa sebuleni bila kelele: mitihani ya shule, kadi za harusi, matangazo ya kanisa. Tangu mwishoni mwa Agosti imeanza tabia. Asubuhi inaamka vizuri na kazi inakwenda. Ikikaribia adhuhuri inaburuta miguu. Nabonyeza herufi, nayo inatokea baada ya mimi kukata tamaa. Kisha inaganda. Mshale umesimama, hata saa ya pale pembeni imesimama, na nikigonga kibodi kwa ngumi haishtuki. Mwisho wake nachomoa waya ukutani, jambo ambalo najua ni dhambi.

Ulipokuja Pasaka ulinikabidhi kanuni zako za kutunza mashine, ulizoandika kwa Kiswahili chako cha kamusi. Zote nimezifuata, hata zile zilizonishangaza. Uliza huko kwa wasomi wenzako, unijibu.

Tena redio imetangaza kwamba baada ya ule mgomo wenu chuo kimefunguliwa, lakini wako waliosimamishwa. Naila, binti wa Mzee Yasini mwenye duka, amekwisha kurudi masomoni. Wewe je, uko darasani? Jibu hilo kwanza, kompyuta baadaye.

Shangazi yako,
Elizabeth


S.L.P. ya Eliya, Dar es Salaam
29 Septemba 1998

Shangazi yangu, uliyenilea tangu mama aliponiacha mikononi mwako,

Shikamoo. Mugonile. Barua yako imenikuta mzima wa mwili na mwenye njaa ya habari za nyumbani. Mpe baba salamu zangu, na umwambie kwamba malalamiko yake dhidi ya wanunuzi wa kakao si malalamiko bali ni uchambuzi sahihi wa hali ya soko.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama mtoto, mara ya pili kama mtu aliyepewa fumbo. Tutazame basi ushahidi. Tarakilishi yako inaamka asubuhi na kufanya kazi. Adhuhuri inapunguza mwendo. Hatimaye inasimama na kukataa kila amri. Shangazi, huo ni mgomo! Hakuna neno jingine linaloueleza. Na mfanyakazi anapogoma, swali la mtu mwenye haki si “nani amemchochea?” bali ni “anafanyishwa kazi katika hali gani?” Mashine hii imeundwa ng'ambo, imemwagwa kwetu pamoja na mitumba na redio za rangi pindi milango ya soko ilipofunguliwa, haikuulizwa kama inataka kuja, wala sisi hatukuulizwa kama tunaijua. Leo inapokataa, tumeitiwa fundi gani? Tumeachwa tuandikiane barua.

Rafiki yangu Eliya, mwanafunzi wa uhandisi asiyeamini siasa yoyote ila waya, anauliza mambo matatu. Je, diski imejaa? Je, umeme hushuka mchana, viwanda vya mpunga vinapokoboa? Je, ni programu moja tu inayoganda, au zote? Nakuomba uchunguze moja baada ya jingine. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana ikipona hutajua ni dawa ipi iliyoponya. Nawe usinifiche lolote, hata lionekane dogo.

Kuhusu redio, Shangazi, redio husema mengi. Mapambano yanaendelea.

Mwanao,
Ambilikile


Kyela Mjini
18 Oktoba 1998

Mwanangu,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Tumepata habari njema: binti wa jirani amejifungua salama. Habari mbaya ni joto. Hata kuku wanatembea midomo wazi.

Majibu ya Eliya. Diski haijajaa, zaidi ya nusu yake ni tupu. Umeme: sindano ya stebilaiza inakaa palepale katikati, nimeikodolea macho mchana kutwa. Programu: zinaganda zote, haina upendeleo.

Umesema nisikufiche hata dogo, basi haya hapa madogo. Wiki jana mvua ilitushtukiza siku mbili, na siku hizo mbili kompyuta haikuganda kabisa. Ikinisaliti, nikiiacha nikaenda sokoni, nikirudi inakubali kuwaka tena kwa muda. Tena paka wangu, aliyezoea kulala jikoni, amehamia sebuleni na hataki kulala kwingine ila juu ya kabati la kompyuta. Sijui kama paka anahusika. Ninakuandikia tu.

Sasa nikueleze la baba yako. Alikuja Jumapili, akaiona bahasha mezani. Unajua macho yake hayasomi tena herufi ndogo.

“Barua ya Ambilikile hiyo? Soma.”

Nikamsomea sehemu za kompyuta tu. Alisikiliza ametega sikio kama anayesikiliza hukumu.

“Anasema imegoma?”

“Ndivyo anavyosema mwanao.”

“Haijapata mafuta hiyo. Enzi zile nikipakia mizigo pale bandari ya Itungi, ile meli ilikuwa hivyohivyo. Asubuhi inanguruma, mchana inakohoa. Mkaguzi anakuja na tai yake, anaandika, anaondoka. Mafuta tu, Eliza! Mwambie mwanangu.”

Nimekuambia. Nilipofika pale pa mapambano yanaendelea, nilikohoa nikaikunja barua.

Lakini mimi sikukohoa nilipoisoma peke yangu. Anwani yako ya bwenini imekwenda wapi? Kwa nini unatumia sanduku la posta la mtu? Mimi nimefungua barua za watu maisha yangu yote ya kazi. Najua anwani ikibadilika kuna jambo. Umesema nisikufiche. Nawe usinifiche.

Elizabeth


Dar es Salaam
8 Novemba 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa baba. Mwambie kwamba tarakilishi haina tangi la mafuta, ingawa dhana yake kwamba mkaguzi mwenye tai huandika na kuondoka naikubali kikamilifu. Mimi naendelea vizuri. Eliya anakusalimu, na amekuwa akitamka neno “paka” peke yake tangu asome barua yako.

Mtazamo wangu umebadilika. Nashuku kirusi. Hiki si kidudu cha kuonekana. Ni programu ya hila inayosafiri ndani ya disketi kutoka mashine hadi mashine, inajificha, inasubiri saa yake, kisha inaharibu. Je, umewahi kuingiza disketi iliyotoka duka la Mzee Yasini? Sisemi kwamba yeye ana nia mbaya. Nasema kwamba soko huria limeleta bidhaa huria na maradhi huria! Nakutumia disketi yenye programu ya kusaka virusi. Iingize, uiache ifanye kazi yake asubuhi, mashine ikiwa bado na nguvu. Eliya haafiki. Anasema kirusi hakijali mvua, na anataka kujua siku ya mvua inatofautiana nini na siku ya jua ndani ya sebule yako. Nimemwambia sebule ni ileile.

Sasa la pili. Umeuliza mara mbili, na mtu anayeulizwa mara mbili na aliyemlea hana pa kujificha. Naam, nimesimamishwa. Serikali inataka tuchangie gharama za masomo. Watoto wa wakulima wachangie kwa kakao ambayo mnunuzi ameishusha bei. Tuligoma. Chuo kilifungwa, kilipofunguliwa jina langu halikuwamo katika waliorudi. Nalala chumbani kwa Eliya. Kuna kamati, inataka niandike maelezo, ndipo iamue kama nirudi au nisirudi. Sitapiga magoti kwa kosa la kusema kweli.

Nakusihi jambo moja: baba asijue. Aliuza ng'ombe wawili ili nifike huku.

Mwanao,
Ambilikile


Kyela Mjini
25 Novemba 1998

Mwanangu Ambilikile,

Ugonile. Nilikuwa najua. Naila alimwandikia mama yake tangu Septemba, na mama yake akaniambia pale dukani huku anapima sukari, kwa sauti ndogo, akidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilinunua sukari nikarudi. Nilitaka uniambie wewe.

Baba yako hajui, kwa kuwa mimi sijamwambia, na hilo halinipi raha. Kila Jumapili anauliza, “Imefikia wapi?” na mimi nadhani kila mara kwamba anakuulizia wewe, kumbe ni kompyuta. Sasa ameipenda habari yake kuliko mahubiri. Kirusi kimemsisimua mno.

“Kwa hiyo kinaingia bila kubisha hodi?”

“Ndivyo.”

“Kinakaa kimya, kisha kinakula kazi ya mtu?”

“Ndivyo anavyoandika.”

“Huyo ni mnunuzi wa kakao, Eliza, asikudanganye!”

Programu ya kusaka imesaka asubuhi nzima. Haikuona hata kirusi kimoja. Disketi za Yasini ni safi kuliko zako, maana moja ya zile ulizoniachia Pasaka imekataa kufunguka. Uchafu hauwezi kuwa chanzo. Usafi wangu unaujua, na mashine nimeihifadhi barabara kama ulivyoniagiza, kila mara, hata inapokuwa kazini. Ni mimi tu ninayeigusa.

Hiyo kamati imekuuliza nini? Sitaki kujua unachokifikiria juu yake. Niandikie swali lao neno kwa neno, kama lilivyochapwa.

Elizabeth


Dar es Salaam
12 Desemba 1998

Shangazi,

Shikamoo. Noeli njema kwako, kwa baba, na kwa paka. Huku mji umepambwa kwa taa za dukani kana kwamba Bwana alizaliwa katika duka la vipuri.

Nimeshangazwa na sentensi moja ya barua yako na Eliya ameipigia mstari. Unasema umeihifadhi mashine “hata inapokuwa kazini”. Umeihifadhi vipi? Tueleze kwa kirefu, kama unavyomweleza mtu asiyewahi kufika sebuleni kwako.

Swali la kamati ni hili, neno kwa neno: “Je, wewe ndiye uliyewatangazia wanafunzi mgomo mbele ya bwalo la chakula? Eleza.” Nami nimeeleza! Naambatanisha jibu langu. Tazama linavyoanza: “Mgomo ule haukutangazwa na mtu. Ulitangazwa na historia. Ulitangazwa na kila jembe linalolima Kyela, na kila gunia lililopimwa kwa mizani ya uongo. Ulitangazwa na mabweni yanayovuja, na kila mama aliyeuza khanga yake ya mwisho. Anayemtafuta mtangazaji na amtafute katika mikataba iliyotiwa saini tukiwa hatujazaliwa.” Na linaendelea hivyo, kwa nguvu inayozidi. Wapiga chapa wa huku wanaogopa kulishika. Nakuomba ulichape wewe, kwa mkono wako uliozoea nyaraka za heshima. Kamati inakaa katikati ya Februari.

Usibadilishe hata nukta.

Ambilikile


Kyela Mjini
30 Desemba 1998

Mwanangu,

Heri ya Noeli iliyopita na ya mwaka unaoingia. Tulikula wali wa mpunga mpya wa jirani, harufu yake ilijaza nyumba. Baba yako alikaa kwenye kiti chako.

Mnashangaa nimeihifadhi vipi? Nakuandikia kanuni yako mwenyewe: “Hifadhi kila baada ya muda mfupi, wala usiache kamwe kuhifadhi unapokuwa kazini, maana umeme ukikatika utajuta.” Nilijiuliza sana juu ya maneno hayo. Kusevu nakujua, nimesevu kazi tangu ofisi ya ushirika, kabla wewe hujaiona kompyuta kwa macho. Ungetaka nisevu, ungesema sevu kama watu wote. Kwa hiyo nikatambua kwamba unanifundisha jambo jingine, kwamba mashine yenyewe ihifadhiwe. Nikampa kazi seremala wa Ikolo. Alichelewa, si unawajua, akalileta kabati mwezi wa Agosti. Sanduku la kompyuta likaingia ndani kama mwali, mlango ukafungwa, waya zikatokea kitundu kidogo cha nyuma. Nikalifunika sanduku kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, kile kizito cha maua mekundu, vumbi lisipite kwenye yale matundu yake. Juu ya kabati nikatandika kingine kinachofanana nacho. Kila nikiinuka, hata kwenda kutazama chungu tu, narudi nahakikisha mlango umefungwa. Wageni wote wanasifu. Sijaona kompyuta iliyohifadhiwa kama yangu wilaya nzima.

Kuhusu jibu lako. Nimeanza kulichapa asubuhi, kabla mashine haijachoka. Ni maneno mazuri. Ukurasa wa tatu nilijikuta nimesimama. Lakini nimepitia rundo lote nikitafuta neno moja, na sijaliona. Nimechapa majibu ya watu wa kila namna, walioiba na waliosingiziwa, waliolewa kazini na waliofiwa. Sijapata kuona jibu refu kiasi hiki lisilo na ndiyo wala hapana. Historia haina namba ya usajili pale chuoni, Ambilikile. Wamekuuliza wewe.

Elizabeth


Dar es Salaam
7 Januari 1999

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo, na upokee kicheko cha watu wawili. Eliya aliposoma neno “mwali” alishuka kitini akakaa sakafuni, na alipofika kwenye maua mekundu alilia kabisa. Ametulia sasa, na ametoa hukumu. Haraka kabla ya yote: fungua mlango wa kabati. Toa sanduku nje. Ondoa kitambaa. Yale matundu si dosari ya kuzibwa, ndiyo pua zake. Ndani yake mna feni inayovuta hewa na kuitoa, na wewe, katika joto la Kyela linalofanya kuku watembee midomo wazi, umelivika sweta na kulifungia chumbani. Linachemka, linapumbaa, linazimia. Ikinyesha, linapata nafuu. Ukienda sokoni, linapoa. Na paka, mtafiti pekee kati yetu aliyefika mahali penyewe, amekuwa akiota moto.

Kuhifadhi, Shangazi, ni kusevu. Ndilo nililomaanisha. Nilikataa kuandika “sevu” kwa sababu naamini lugha yetu ina haki ya kuingia katika kila mashine bila kuomba ruhusa. Bado naamini. Lakini nilichagua neno nikijisikiliza mimi, sikumfikiria anayesoma.

Sasa la kamati. Unadhani sijaliona? Nikiandika “ndiyo”, wananifukuza. Nikiandika “hapana”, najifukuza mwenyewe, maana waliosimama nyuma yangu siku ile walinisikia kwa masikio yao. Katikati ya maneno hayo mawili nimejenga nyumba, na humo ndimo ninamoishi. Ina madirisha mengi na haina mlango. Usiniulize tena. Chapa kama lilivyo.

Ambilikile


Kyela Mjini
29 Januari 1999

Mwanangu,

Ugonile. Mvua zimeanza kweli sasa, na mashamba ya mpunga yanameta maji mpaka upande wa ziwani. Afya yangu njema, ya baba yako pia.

Nimelitoa sanduku. Nilipopeleka kiganja nyuma yake upepo wa moto ulinipiga kama nimefunua sufuria. Siku ya kwanza nilingoja adhuhuri nimekunja mikono, niione. Ikapita adhuhuri. Ikapita alasiri, siku ya jua kali lililojitokeza katikati ya mvua, na mimi bado nachapa. Haikuburuta wala haikuganda. Nililicheka kabati, nikajicheka, kisha nikakukasirikia wewe kidogo. Sevu!

Nilitaka kumwambia baba yako Jumapili iliyofuata. Akakaa, akasema, “Haya, imefikia wapi?” na mimi, Elizabeth ambaye sijawahi kughushi hata tarehe, nikamjibu bado inaganda. Nimemwambia hivyo tena Jumapili iliyopita. Unajua kwa nini? Kompyuta ikipona sina tena cha kumsomea. Barua yako itakuja na ndani yake hamtakuwa na kitu ila wewe. Alivyosikia bado inaganda alitikisa kichwa akasema, “Mwambie mwanangu asiikatie tamaa.” Nilikwenda jikoni nikakaa huko kwa muda.

Sitaweza Jumapili nyingi zaidi.

Jibu lako nimelichapa lote, bila kubadilisha nukta, kama ulivyotaka. Limo humu. Humohumo nimeweka karatasi nyingine. Juu yake nimechapa swali lao peke yake, na chini nimeacha mahali pa wino wako. Utawapelekea ipi, mimi sichagui. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujachagua, mpe Eliya azisome zote mbili kama mtu asiyekujua, umuulize ameelewa nini.

Elizabeth


Dar es Salaam
16 Februari 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzima.

Nilifanya ulivyosema. Eliya aliisoma ile ndefu mpaka mwisho, akasema, “Hii imeandikwa na mtu anayeogopa.” Tuligombana vibaya, na asubuhi hatukusalimiana. Mchana nikachukua karatasi yako fupi nikaijaza hivi:

“Ndiyo. Ni mimi. Nilisimama mbele ya bwalo la chakula nikawaambia wenzangu wasiingie darasani mpaka suala la kuchangia gharama lijadiliwe nasi. Sikumwambia mtu yeyote avunje kitu, na sikuvunja. Siombi radhi kwa kuitisha mgomo. Naomba nirudi kusoma.”

Jana nikaitwa. Meza ndefu, wazee wenye miwani. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akaigeuza kutazama nyuma, akauliza, “Ni hii tu?” Nikasema ni hiyo tu. Mwingine akauliza kama najua ninavyojihukumu. Nikasema najua. Shangazi, nilikuwa na hotuba tano kifuani na sikutoa hata moja. Sikujua kwamba kunyamaza kunachosha miguu namna ile.

Uamuzi umetoka leo. Mwaka huu nimeupoteza. Sitaingia darasani mpaka mwaka mpya wa masomo. Lakini nafasi yangu haikufutwa. Waliokana wote, ingawa walishuhudiwa, wamefukuzwa moja kwa moja. Sijui nifurahi au nilie, kwa hiyo nafanya yote mawili kwa zamu.

Eliya tumepatana. Nakuja nyumbani mwezi ujao, nikipata basi. Mwambie baba. Nilidhani nitamwambia mwenyewe nikifika, lakini sitaki anione kwanza kisha aulize. Umsomee barua hii yote.

Ambilikile


Kyela Mjini
8 Machi 1999

Mwanangu Ambilikile,

Ugonile. Nakuandikia haraka ili barua ikuwahi kabla hujapanda basi. Hii imechapwa, kama unavyoona, na imechapwa mchana.

Baba yako alikuja jana. Akakaa, akanyoosha mguu wake ule mbovu, akaiona bahasha.

“Imefikia wapi?”

“Kompyuta imepona, kaka. Tangu Januari.”

“Januari! Mbona kila wiki ulikuwa unanisomea inaganda?”

“Kulikuwa na sehemu nyingine ambazo sikukusomea.”

Akanitazama. Akavua kofia akaiweka gotini. “Soma,” akasema. Nikamsomea ya mwezi jana, kisha nikatoa zote tangu Septemba nikamsomea na hizo, kila pale nilipokohoa na kila pale nilipoikunja. Nilipofika kwenye ng'ombe wawili aliinua mkono. Nikaishusha barua. Akasema, “Endelea, ng'ombe nawajua.”

Nilipomaliza aliigeuzageuza kofia gotini. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa ujanja wangu wote wa kuuliza, sikuwahi kukuuliza.

“Hao wanafunzi walimsikiliza?”

“Walimsikiliza mpaka chuo kikafungwa.”

“Siku hiyo hiyo? Alisimama akasema, na wao wakaacha kuingia?”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Alisema nini hasa?”

Nikazigeuza barua zote tena, mbele na nyuma, yeye akingoja. Ambilikile, umetuandikia juu ya historia na juu ya soko, umetuandikia hata juu ya taa za Noeli. Lakini zaidi ya ule mstari mmoja uliowapa kamati, hakuna mahali ulipoandika maneno uliyowaambia wenzako siku ile. Nikamwambia, “Hakuandika.”

Alivaa kofia. Mlangoni akageuka, na nilimwona anazuia jambo usoni, sikujua kama ni hasira, mpaka aliposema: “Jumatano ya mwisho wa mwezi wakulima wa Ikolo tunakutana na wanunuzi. Sisi kila mwaka tunaongea wote kwa pamoja, wao wanacheka, wanapima, wanaondoka. Mwambie ashukie Ikolo, asifike kwako kwanza. Akae na mimi uwanjani aniambie yote aliyosema, tangu neno la kwanza. Sitamkatiza.”

Shangazi yako,
Elizabeth